Unga Mweupe Niliouita Polima

Nilipima siklodekstrini kwenye mizani, nikaandika kwenye daftari kwamba ni polima. Kosa hilo peke yake lingesameheka. Maabara imejaa unga mweupe usio na harufu, na kila mwanakemia ameshawahi kuudhania mmoja kuwa mwingine. Langu lilizidi hapo. Niliambiwa mapema, na mtu aliyeijua kazi ile kunizidi, nikanyamaza, nikapanda jukwaani nikasema nilichotamani kiwe kweli. Ninayaandika haya pamoja na kemia yake, kwa sababu bila kemia hiyo msomaji atadhani nilizidiwa na jambo gumu. Halikuwa gumu.

Siklodekstrini hutokana na wanga. Bakteria fulani wana kimeng'enya kinachokata mnyororo wa wanga na kuziunganisha ncha zake, ikawa pete ya glukosi. Antoine Villiers wa Ufaransa aliripoti fuwele zake mwaka 1891, na mwanzoni mwa karne ya 20 Franz Schardinger wa Austria akazichunguza kwa kina. Zinazotumika sana ni tatu: alfa yenye glukosi 6, beta yenye 7 na gama yenye 8. Kingo za pete zimejaa vikundi vya haidroksili vinavyopenda maji, lakini ndani ya tundu maji hayana raha. Mkia wa mafuta unaopita karibu huingia humo na kukaa, kama uzi kwenye ushanga. Tundu la beta lina upana wa nanomita 0.6 hivi, na kina chake hakifiki nanomita 1. Kwa mkia mwembamba wa kaboni linatosha kabisa.

Upande wa pili kulikuwa na monoma yangu. Ilikuwa sefaktanti, yaani molekuli ya jamii ya sabuni: kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Sefaktanti za aina yake huongezewa bondi maradufu ili ziweze kushikana zenyewe kwa zenyewe na kuwa polima. Yangu chanzo chake ni nyonyo. Mafuta ya nyonyo hutoa viwandani asidi ya 11-aminoundekanoiki, ileile inayotengeneza nailoni 11. Ukiichanganya na kloridi ya akriloili ndani ya maji ya alkali yaliyopozwa kwa barafu, unapata asidi ya 11-akrilamidoundekanoiki. Kichwa chake ni asidi, mkia ni mnyororo wa kaboni, na kwenye ncha ya mkia ndiko iliko bondi maradufu. Wazo la kuunganisha nyonyo na wanga, vitu vya mimea ambayo kwetu huota hata pembeni mwa njia, lilinipendeza mno. Nililizungumza hata kwa watu wasioniuliza.

Monoma hiyo ina tabia yake. Ikiwa chumvi ya sodiamu katika maji ya alkali, huyeyuka vizuri. Maji yakikaribia pH 7, sehemu yake hurudi kuwa asidi na chupa huingia ukungu. Kianzilishi nilichotumia, potasiamu pasalfeti, kinapovunjika kwa joto hutoa radikali zinazoanzisha upolimishaji, lakini pia huongeza asidi majini, kwa hiyo hata ukianza na maji maangavu unaweza kumaliza na maji ya ukungu. Msimamizi wangu wa shahada ya uzamivu alipendekeza tujaribu siklodekstrini. Zikimeza mikia, monoma itabaki imeyeyuka muda wote wa mmenyuko.

Katika hilo alikuwa sahihi, na ni vizuri niliseme kwanza, maana ndiyo sehemu ya kazi yangu ambayo haikuwa uongo. Beta ikiwa peke yake ni mvivu wa kuyeyuka: kwenye nyuzi 25 za Selsiasi lita moja ya maji huchukua gramu 18.5 tu, wakati alfa huyeyuka gramu 145 na gama 232. Sababu ni kwamba haidroksili zilizo kwenye ukingo mpana wa pete ya beta hushikana zenyewe kwa zenyewe, zikabakiwa na nafasi ndogo ya kushikana na maji. Nilitia beta kupita kiwango hicho, nikatia na monoma, kwa uwiano wa molekuli moja kwa moja, kisha nikakoroga. Kwanza kulikuwa na mchanga mweupe chini. Baadaye ukapungua. Mwishowe nikaweza kusoma maandishi ya daftari kupitia chupani. Monoma ilikuwa imeificha mikia yake ndani ya pete, na pete zilikuwa zimepata kichwa chenye chaji cha kuzivuta majini. Kila mmoja alimyeyusha mwenzake.

Hapo ndipo nilipoanza kupotea. Niliyatazama maji maangavu nikaona ushindi wa hatua zote mbili, kuyeyusha na kupolimisha, wakati nilikuwa nimevuka moja.

Sikupotea bila kusoma. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Helmut Ritter na wenzake nchini Ujerumani walionyesha kwamba monoma zinazokataa maji kabisa zinaweza kufungwa ndani ya beta iliyomethilishwa na kupolimishwa majini bila kiyeyushi cha mafuta. Polima inapokua, pete huteleza na kubaki majini, polima ikaanguka chini. Kabla yao, mwaka 1992, Akira Harada na wenzake wa Osaka walikuwa wametengeneza polima iliyopitishwa ndani ya pete nyingi za alfa na kuzibwa ncha zote mbili, wakaiita mkufu wa molekuli. Nilizisoma kazi hizo mbili nikazichanganya kichwani. Kwa Ritter nilichukua matumaini kwamba upolimishaji ungeenda vizuri. Kwa Harada nilichukua picha ya mkufu, pete zangu zikiwa zimenaswa kwenye polima. Kichwani mwangu polima ilikuwapo kabla sijawasha hita.

Nilichoshindwa kuuliza ni kwa nini monoma za Ritter zilihitaji msaada. Monoma ya mafuta haiwezi kukaa majini, na siklodekstrini huiwezesha. Sefaktanti haina shida hiyo. Ikizidi ukolezi fulani, molekuli zake hujikusanya zenyewe kuwa miseli, mikia ndani na vichwa nje. Kwa sodiamu dodesili salfeti, sefaktanti ya kawaida kabisa ya maabara, ukolezi huo ni kama milimoli 8 kwa lita. Ndani ya miseli bondi maradufu zimebanana. Radikali moja ikiingia hukuta jirani, na jirani wa jirani, na mnyororo hukua upesi. Siklodekstrini ikimkamata kila mmoja peke yake, msongamano huo unavunjika. Monoma imeyeyuka zaidi na wakati huohuo imetawanyika. Na kwa kuwa bondi maradufu ya monoma yangu iko kwenye ncha ya mkia, pete inayouvaa mkia inaweza pia kuikaribia na kuikinga. Haya yote yalikuwa ndani ya vitabu vilivyokuwa juu ya meza yangu.

Dalili ilikuwapo pia, tena ya kuonekana kwa macho. Kabla ya kuwasha joto lazima ufukuze oksijeni, maana huua radikali. Tunafanya hivyo kwa kupitisha naitrojeni ndani ya maji, na kwa sefaktanti kazi hiyo ni adha: povu hupanda shingoni mwa chupa na kumwagika hadi kwenye kikorogeo. Siku nilipotia siklodekstrini, naitrojeni ilipita kimya. Povu halikuwapo.

Fundi sanifu wa maabara yetu alikuwa amesimama nyuma yangu. Tulimwita Mzee, kwa umri na kwa heshima. Alikuwa ameihudumia maabara ile tangu kabla ya wengi wetu kuanza shule.

"Sabuni yako haitoi povu tena, mwanangu."

"Afadhali, Mzee. Imeniondolea usumbufu."

Angeweza kuishia hapo. Alisubiri kidogo, akauliza: "Na sabuni isiyotoa povu, bado ni sabuni?"

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa wazee. Lilikuwa swali sahihi kuliko yote niliyoulizwa katika utafiti ule. Povu huhitaji sefaktanti iliyo huru kukimbilia kwenye uso wa maji, na yangu yote ilikuwa imefungwa ndani ya pete. Kama haikuwa huru kufika juu, haikuwa huru kuunda miseli pia.

Nilipasha joto hadi nyuzi 70, nikaiacha chupa ifanye kazi. Jioni nilitia asidi kidogo, nikamimina kila kitu ndani ya asetoni nyingi. Hii ni njia ya kawaida: polima huanguka, monoma iliyobaki huenda na asetoni. Ukaanguka unga mweupe, mwingi, mzuri. Niliuchuja, nikaukausha kwenye oveni, nikaupima.

Msomaji ameshaona shimo lenyewe. Siklodekstrini nayo haiyeyuki katika asetoni.

Mimi sikuliona kwa sababu nilikuwa na maelezo tayari. Unga ulikuwa mzito mara kadhaa kuliko monoma niliyotia, na mtu mwenye akili zake angeshtuka. Nilijiambia kwamba hizo ni pete zilizonaswa kwenye polima, mkufu wangu. Basi mavuno nikayahesabu dhidi ya jumla ya monoma na siklodekstrini, na nikapata asilimia sabini na kitu. Nikarudia, sabini na kitu. Nikakatisha mmenyuko baada ya saa moja tu, sabini na kitu. Nikauacha ukeshe, sabini na kitu. Nikaandika kwenye daftari: "Mmenyuko ni wa haraka sana, unakamilika ndani ya saa moja." Mmenyuko ambao haujali muda ulipaswa kunitia mashaka. Mimi niliuita wa haraka.

Kipimo cha NMR, kinachoonyesha atomi zimepangwaje ndani ya molekuli, hatukuwa nacho, hivyo sampuli zilisafirishwa na majibu yalichelewa. Yalipofika nilitafuta kwanza eneo la ppm 5.6 hadi 6.4, ambako bondi maradufu ya akrilamidi huonekana. Hapakuwa na kitu. Nikashangilia: bondi zote zimetumika! Sikufikiri kwamba monoma yenyewe ilikuwa imekwenda na asetoni na kumwagwa kwenye dumu la taka. Mtu akikosekana nyumbani haimaanishi ameoa. Na palipotakiwa kuonekana mikia ya kaboni, karibu na 1.3, palikuwa na kilima kidogo cha kuhurumiwa, wakati vilima vya glukosi vilisimama virefu. Kama pete na mikia vilikuwa kwa uwiano wa moja kwa moja, hesabu hiyo haikuwezekana. Nilitunga sababu: pete zimeibana mikia hadi ishara yake ikafifia. Sababu hiyo inaweza kutokea kweli katika polima nzito, na ndiyo maana ilinifaa. Uongo niliojidanganya nao ulikuwa na vipande vya kemia halisi ndani yake.

Mzee alirudi. Safari hii hakuzunguka.

"Umeshafanya blanki?"

Blanki ni jaribio tupu: kila kitu kilekile, joto lilelile, asetoni ileile, ila bila kianzilishi. Kama unga unaanguka hata bila kianzilishi, basi unga huo si polima. Ni kazi ya alasiri moja.

Nilimjibu kwamba siklodekstrini ni ghali na imebaki kidogo. Ni kweli ilikuwa ghali. Lakini nilikuwa nimeshaimwaga nyingi kurudia jaribio lililonipendeza. Iliadimika tu pale lilipotajwa jaribio ambalo lingeweza kunipinga. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulisema, nalo ndilo lililotawala. Mimi nilikuwa mtafiti wa uzamivu. Yeye alikuwa fundi wa kuosha vyombo, kubadilisha mitungi ya gesi na kutengeneza pampu. Swali lilelile lingetoka kwa profesa mgeni, ningelifanyia kazi siku hiyohiyo na kumshukuru kwa barua.

Mzee alifanya blanki mwenyewe, kwa mabaki aliyokwangua kwenye kopo. Asubuhi moja niliikuta chupa ndogo juu ya meza yangu. Ndani mlikuwa na unga mweupe, na kwenye lebo, kwa mwandiko wake ulionyooka: "Bila pasalfeti." Pembeni yake kikaratasi chenye uzito alioingiza na uzito alioupata. Sabini na kitu.

Niliisoma nikiwa nimesimama. Nilielewa. Ninataka niwe wazi hapa, kwa sababu kwa muda mrefu nilijitetea kwamba sikuelewa. Kwa sekunde kadhaa nilielewa kabisa, kisha nikaanza kazi ya kutoelewa: labda vyombo vilikuwa na masalia ya kianzilishi, labda mizani haikuwa sawa, labda Mzee hakukausha vya kutosha. Niliitia chupa ndani ya droo, nikafunga. Sikumjibu, naye hakuniuliza tena. Mkutano wa wanakemia ulikuwa umekaribia, na muhtasari wangu ulikuwa umeshakubaliwa.

Nilisimama mbele ya watu nikasema kwamba siklodekstrini huongeza umumunyifu wa monoma za sefaktanti na kuharakisha upolimishaji wake. Nusu ya kwanza ilikuwa kweli. Ndiyo iliyoibeba nusu ya pili. Niliwaonyesha picha ya chupa mbili, moja ya ukungu na moja angavu, na picha hiyo ikawashawishi kama ilivyonishawishi mimi. Hakuna aliyeuliza kuhusu blanki. Walidhani, kwa heshima waliyonipa, kwamba nimeifanya.

Kama mambo yangeishia jukwaani, ningekuwa nimejidhuru mwenyewe tu. Lakini mwaka ule mwanafunzi wa shahada ya kwanza alipewa mradi uliojengwa juu ya matokeo yangu. Alitakiwa kupima uzito wa polima zangu. Alikuwa makini kunizidi. Badala ya kumimina kwenye asetoni, alitumia mfuko wa utando wenye vitundu vidogo ulioning'inizwa majini: molekuli ndogo hutoka, polima hubaki. Siklodekstrini na monoma ni ndogo, zikapita zikaenda zake. Alipokausha kilichobaki mfukoni, alipata mabaki ya kukwangua kwa kijiko.

Alinijia akiwa na hofu. Nikamwambia naitrojeni yake haikutosha. Akarudia. Nikamwambia mfuko umetoboka. Akarudia. Nikamwambia, na hili linaniwia gumu kuliandika, kwamba kazi ya maabara inahitaji mikono iliyotulia. Matokeo yake yalikuwa sahihi kila mara. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu aliyeshika ukweli mkononi, na mtu aliyepaswa kumfundisha akamwambia kwamba mkono wake ndio mbaya. Siklodekstrini ikaisha, muhula ukaisha, ripoti yake ikapata alama ndogo kwa "kushindwa kupata polima".

Siku aliyokuja kurudisha koti la maabara hakulalamika. Alisema tu, "Asante kwa muda wako, samahani nimekuharibia kemikali." Alipotoka nilifungua droo.

Nilianza na hesabu, kwa sababu haikuhitaji hata tone la asetoni. Uzito wa molekuli ya beta ni 1135. Wa monoma yangu, ikiwa chumvi ya sodiamu, ni 277. Ukizitia kwa uwiano wa moja kwa moja, jumla ni 1412, na beta pekee ni asilimia 80 ya jumla hiyo. Mimi nilikuwa nikipata sabini na kitu. Tofauti ilitoka wapi? Beta ya dukani hubeba maji ndani ya fuwele zake, mara nyingi asilimia 10 hadi 14 ya uzito. Niliipima ikiwa na maji yake na kuirudisha mizanini imekauka. Ukiyaondoa maji hayo, na kidogo kilichopotea kwenye karatasi ya chujio, unafika palepale nilipokuwa nafika kila siku. Kwa miezi nilikuwa nimeitia siklodekstrini chupani, nikaitoa, nikaikausha na kuipongeza. Kama kulikuwa na polima, ilikuwa kidogo mno kuonekana ndani ya unga huo.

Kisha nilifanya kazi niliyopaswa kuanza nayo. Nilipima upitishaji umeme wa maji nikiongeza monoma kidogo kidogo. Bila siklodekstrini mstari hupinda mahali miseli zinapoanza. Nikitia siklodekstrini, pindo hilo husogea mbele, takriban kwa kiasi kilekile cha pete nilizotia: lazima pete zote zishibe kwanza ndipo ibaki monoma huru ya kujikusanya. Mvutano wa uso wa maji ulisema vilevile. Maji matupu ni milinyutoni 72 kwa mita. Sefaktanti huushusha sana mvutano huo, lakini palipokuwa na pete za kutosha ulikaribia kubaki ulipokuwa. Hiyo ndiyo lugha ya vipimo kwa jambo ambalo Mzee aliliona kwa kutazama povu.

Upolimishaji niliufuatilia upya kwa njia ya yule binti, kwa mfuko wa utando, kila jaribio na blanki yake. Juu ya kiwango cha miseli, bila siklodekstrini, polima ilipatikana kwa wingi na upesi. Kadiri nilivyoongeza pete ndivyo kasi ilivyoshuka, na pete zilipolingana na monoma mmenyuko ulikuwa wa kusuasua. Mwisho nikatia chumvi ya asidi ya adamantani-kaboksili, molekuli nene ya duara ambayo beta huishika kwa nguvu sana. Iliingia kwenye matundu, mikia ikaachiwa, povu likarudi chupani na kasi ikarudi nalo. Hapo sikuwa na pa kujificha. Siklodekstrini ilikuwa breki, tena breki unayoweza kuikanyaga na kuiachia upendavyo. Kwa mtu asiye na haraka ya kushinda, hayo ni matokeo mazuri kuliko yale niliyoyatunga, kwa maana yanakupa namna ya kuchagua kama bondi zipangwe zikiwa zimebanana ndani ya miseli au zimetawanyika majini, na polima zinazotoka kwa njia hizo mbili hazifanani.

Nilikwenda kwa msimamizi. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: "Ulijua lini?" Nikamtajia siku niliyofanya blanki yangu. Chupa ya Mzee sikuitaja. Nilitoka ofisini nikiwa nimetubu nusu, usiku sikupata usingizi, na kesho yake nilirudi nikamtajia siku ya chupa ya Mzee. Alikaa kimya kisha akasema, "Sasa ndiyo umeanza." Tuliwaandikia waandaaji wa mkutano kuufuta muhtasari, na baadaye tukachapisha makala ya masahihisho.

Kwa Mzee nilikwenda na chupa yake mkononi. "Shikamoo, Mzee. Ulikuwa sahihi, na nilijua."

"Marahaba. Nilijua umejua," akajibu. Akaichukua chupa, akaisoma lebo yake mwenyewe kama anayekagua mwandiko. "Ungeniambia mapema tungeiokoa ile kemikali ya mtoto."

Hakunisema kwa ajili yake mwenyewe. Alimtaja yule binti tu, na alikuwa amegusa palepale. Nilipomwomba jina lake liwe kwenye makala alikataa mara ya kwanza, akakubali mara ya pili kwa sharti kwamba blanki iandikwe katika sehemu ya mbinu, pamoja na namba zake. Imeandikwa, na jina lake ni la pili baada ya langu.

Jina la binti halimo. Nilimtafuta, nikamweleza kila kitu, nikamwandikia idara yake barua ya kueleza kwamba matokeo yake yalikuwa sahihi na kosa lilikuwa langu. Barua ilipokelewa, alama haikubadilishwa, kwa kuwa mitihani ilishapitishwa. Yeye wakati huo alikuwa ameshaiacha kemia na kuajiriwa kwenye kazi isiyohusiana nayo. Alinishukuru kwa kumwambia. Kisha akauliza kama kweli mikono yake ilikuwa na shida, hata kidogo, kwa sababu aliamini hivyo na alichagua maisha kwa kuamini hivyo. Nilimwambia haikuwa na shida yoyote. Jibu hilo nilikuwa nalo ndani ya droo wakati lilipoweza kumfaa.